Anko, GPA yangu ya 3.6 inanipeleka digrii?

Juzi Jumapili niko zangu nimejinyoosha kwenye kochi baada ya pilau, ikaingia voisi noti ya dakika nne na nusu kutoka kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Binti wa meseji za maneno matatu akikutumia voisi noti ya dakika nne ujue kuna jambo. "Anko shikamoo, samahani kukusumbua..." Kamaliza stashahada ya umeme kwenye chuo kimoja cha kati, GPA, ule wastani wa alama, 3.6, anataka digrii ya uhandisi, kashusha mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kausoma usiku mzima na kagundua hana sifa ya kozi hata moja, maana kila anapogusa anakuta wanataka prinsipo, ule ufaulu mkuu wa form six, ya Fizikia na ya Advansi, yaani hesabu za form six, na yeye form five hajawahi kuikanyaga. Sauti ilikuwa imeshaanza kukwama.

Nikacheka, sio kwa kumdharau, nilijiona mimi mwenyewe. Kumbe kashusha kitabu sicho. TCU wanatoa miongozo miwili, mmoja wa waliotoka form six na mwingine wa wenye stashahada na sifa linganishi, ukiwa na haraka ukabonyeza wa kwanza unaouona ndo unaishia kulia usiku kwa sheria ambazo hazikuhusu. Nikaanza kumjibu kwa meseji, nikaona inarefuka, nikasema ngoja niiweke hapa nimtumie linki, na wewe mwenye mdogo wako anayehangaika na haya mambo utamsomea.

Kwanza historia yangu kidogo ili mjue naongea kwa uchungu. Mimi ni form four wa 2012. Wanaoujua huo mwaka wanaujua. Matokeo yalitoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakala ziro, nchi ikatikisika, waziri mkuu Pinda akaunda tume, mwisho wa siku serikali ikayafuta yakapangwa upya. Baada ya kupangwa upya mimi nikawa na D ya hesabu, D ya fizikia, C ya Kiswahili na B ya Baibo Noleji. Nikahesabu, nne! Na tangazo la chuo lilisema ufaulu wa masomo manne. Nikavaa shati la kanisani nikaenda na vyeti vyangu kwenye bahasha ya kaki. Mama wa dirishani akaangalia karatasi, akaangalia mimi, akasema "mwanangu, dini haihesabiwi." Basi. Sentensi moja ikanigharimu mwaka mzima. Ilikuwa imeandikwa kwenye tangazo kabisa, masomo manne yasiyo ya dini, ila kwa maandishi madogo na mimi nilikuwa nimeshaiona namba nne nikaridhika. Nikarudi nyumbani nikarisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, mchana nauza vocha jioni tuisheni ya kemia, matokeo yalipotoka nikapata D ya kemia na C ya jiografia, Oktoba 2014 nikaingia chuo.

Kwa hiyo mpwa wangu, kitu cha kwanza kabla hujaangalia hiyo 3.6 yako ni kwenda kwenye sanduku la mama yako ukatoe cheti cha form four. Najua unasema si nilishavuka huko, nina stashahada. Hapana. Form four inakufuata kama kivuli mpaka digrii. Sifa ya jumla ya TCU kwa mwenye stashahada ina miguu miwili: mguu mmoja ni GPA isiyopungua 3.0 kwenye NTA levo 6, yaani stashahada, mguu wa pili ni ufaulu wa masomo manne ya form four kuanzia D. Kuna mlango wa pembeni kwa waliopitia ufundi stadi VETA wakafika NVA levo 3, tuzo ya huko, hao hata kama D zao hazijatimia nne wanaangaliwa. Wengine wote, D nne. Nilisoma na jamaa mmoja kichwa kweli kweli, mwaka wa mwisho wa stashahada ana 4.5, First Class, lekchara anamtuma atufundishe, na kozi aliyoitaka ilidai D ya hesabu ya form four na yeye alikuwa na F. Ilibidi akarisiti hesabu za form four, mtu ambaye alikuwa anatufundisha kalkulasi! Akakaa chumba kimoja na watoto wa miaka kumi na sita wanamwita "mwalimu".

Sasa hizo levo, maana naona watu wanazichanganya. Vyuo vya ufundi vinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, ambayo enzi zetu ilikuwa NACTE kabla ya kuongezewa mambo ya ufundi stadi. Levo 4 ni astashahada ya awali, levo 5 astashahada, levo 6 stashahada, hapo juu inakuja 7 ambayo ni stashahada ya juu, 8 ndo digrii, 9 masta, 10 PhD. Ukitoka form four unaanzia 4, mwaka mmoja mmoja, jumla miaka mitatu upate stashahada. Mtu wa form six anaanzia levo 5 anamaliza kwa miwili. Halafu kuna kamtego hapo kati: levo 4 na 5 GPA inahesabiwa juu ya nne, ukifika levo 6 inahesabiwa juu ya tano. Mimi levo 5 nilikuwa na 3.5, First Class, nikanunua soda za watu nane. Mwaka uliofuata levo 6 nikapata 3.6 nikadhani nimepanda, kumbe 3.6 juu ya tano ni apa sekondi, daraja la pili la juu, nimeshuka daraja huku namba imepanda! TCU wanaposema 3.0 wanaongelea hiyo ya juu ya tano, kwa hiyo 3.6 yako mpwa wangu iko salama kabisa.

Ila salama ya kuingia mlangoni, sio ya kupewa kiti. Sifa ya jumla ni geti la nje, ndani kila kozi ina mlango wake. Kwenye mwongozo mbele ya jina la kozi wameandika stashahada zipi wanazikubali, mwingine anataka ya umeme au elektroniki au mekatroniki, mwingine anaongeza na hizo D za hesabu na fizikia, na pembeni kuna safu ya nafasi ngapi wanachukua na kozi miaka mingapi. Hiyo safu ya nafasi watu hawaisomi kabisa. Kozi inachukua watu 40, mmeomba mia tatu wote mna 3.0 kwenda juu, unadhani watamuanza nani?

Wenzetu wa form six wao hesabu yao ni pointi, prinsipo mbili zinazofikisha 4.0, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. D mbili unapita, C na E unapita, D na E unabaki nje. Kwa uhandisi hizo mbili mara nyingi lazima ziwe Fizikia na Advansi, ndo maana mtu wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) mwenye pointi nyingi kukuzidi anaweza akagonga mwamba. Hii nakwambia ili uache kuwaonea wivu. Na hesabu ya miaka ndo hii hapa: mwenzako kasoma A-levo miaka miwili, digrii ya uhandisi minne, sita. Wewe mitatu na minne, saba. Mwaka mmoja tu, na unaingia mwaka wa kwanza umeshashika mota kwa mikono yako, yeye kaiona kwenye picha. (Mimi nane, sababu ya Baibo Noleji, lakini hayo tumeshaongea.)

Kitu kingine ambacho kitakutoa jasho ni AVN. Hiyo ni namba ya uhakiki kutoka NACTVET, mwenye stashahada bila hiyo namba mfumo wa maombi wa chuo kikuu haukupokei. Kuipata sharti chuo chako kiwe kimeshapeleka matokeo yenu huko, na hapo ndo kwenye maumivu, maana dirisha la maombi linafunguliwa lina tarehe zake na chuo chenu bado kinasema "yanashughulikiwa". Sisi chuo chetu, sitakitaja, kilitukawiza hadi tukaenda kukaa kwenye koridoo ya ofisi ya mitihani watu kumi na nane siku mbili, sio kwa fujo, tumekaa tu, kila anayepita anatuuliza mnasubiri nini tunamwambia AVN. Siku ya tatu yakapelekwa. Na angalia majina. Kama form four umeandikwa Mwanaidi na chuo wamekuandika Mwanahidi, rekebisha sasa hivi wakati hauna haraka.

Ukishaomba ukachaguliwa vyuo viwili au vitatu usikae kwa furaha unaposti tu, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri wanayokutumia kwenye simu. Kuna watu kila mwaka wanapoteza nafasi kwa sababu laini waliyoombea ilikuwa ya shemeji.

Na kwa uhandisi hasa, kabla hujajaza chaguo uliza kama hiyo kozi inatambuliwa na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ukimaliza digrii wewe bado sio injinia kisheria, unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, halafu kuna ule mpango wao wa SEAP wa miaka mitatu unafanya kazi chini ya injinia mwenye uzoefu, ndipo uende kwenye usajili kamili. Kozi zinaitwa majina matamu siku hizi, jina tamu bodi hailiangalii.

Haya, tuseme umeingia. Hapa ndo hakuna aliyenieleza kitu na ndo ningependa uelewe zaidi. Digrii za hivi vyuo vya vitendo, kama nilichosoma mimi, zinajengwa kwa krediti, na krediti moja ni masaa kumi ya kazi yako, ndani ya darasa, karakana, na kule unakojifunzia mwenyewe usiku. Somo la krediti 12 ni masaa 120. Sasa wanafunzi wanasoma masomo kwa jinsi wanavyompenda lekchara, sio kwa uzito wa krediti. Angalia hesabu hii. A ina pointi 5, B plasi 4, B 3, C 2. Una somo la krediti 12 na somo la krediti 6. Ukipata C kwenye kubwa na A kwenye dogo: 24 jumlisha 30 ni 54, gawanya kwa 18, unapata 3.0. Ukigeuza, A kwenye kubwa na C kwenye dogo: 60 jumlisha 12 ni 72, gawanya kwa 18, 4.0. Akili ile ile, usiku ule ule wa kukesha, tofauti GPA nzima. Mimi nilipata A ya Stadi za Mawasiliano nikaipigia simu nyumbani, huku Hesabu za Uhandisi zenye krediti zote hizo nimekula sapu, mtihani wa kurudia ukifeli.

Na sapu yenyewe ndo hivi: ukifaulu unapewa C. Hata ungepiga 90 unapewa C, yaani mbili. Mimi nilipiga vizuri tu ile sapu, Septemba kwenye joto la Dar, chuo kitupu paka tu na walinzi, ikaandikwa C. Miaka minne ikaisha, GPA yangu ikawa 3.48. Unajua inaandikwaje? 3.4. Hawapandishi, wanakata. Desimali moja tu, inayobaki inatupwa. 3.5 ndo apa sekondi, kwa hiyo mimi ni lowa sekondi kwa 0.02 na ile sapu ya mwaka wa kwanza. Masta vyuo vingi wanaanzia 2.7 kwa hiyo mlango haukufungwa, ila kuna ufadhili mmoja nilioutaka sana walihitaji apa, na kama ungetaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi huko ni 3.8 kwenda juu. Cheti changu kiko ukutani sebuleni kwa mama, kila nikienda macho yanaenda kwenye ile nne.

Koswek, alama za kazi na majaribio ya muhula, kwetu ilikuwa 40, mtihani wa mwisho 60, na usipofikisha 16 kati ya zile 40 mtihani huufanyi. Mahudhurio asilimia 75. Haya utaambiwa siku ya kwanza ukiwa umechoka na foleni ya usajili, utapewa na kijitabu cha kanuni za mitihani utakitumia kuwekea sufuria. Kisome. Mimi kurasa za sapu nilizisoma siku niliyoipata.

Tofauti ya kweli ya hivi vyuo na vile vya nadharia ni PT, mafunzo kwa vitendo, kila mwisho wa mwaka wiki nane, na ina alama zake kwenye GPA. Watu wanatafuta sehemu yenye AC na jina kubwa. Ya kwangu mwaka wa pili nilikosa kote nikaangukia karakana ya kusuka mota maeneo ya Gerezani, chumba kirefu kama behewa, harufu ya vanishi inakaa kwenye nguo wiki nzima. Nilikuwa naona aibu kuwaambia wenzangu. Pale kulikuwa na mzee tunamwita Babu, kasoma mpaka darasa la saba, ana glasi za kusomea zimefungwa na waya wa shaba. Siku ya kwanza ikaletwa mota ya pampu ya maji inalalamika, nikaanza kutafuta mita yangu nionekane mwanachuo. Babu akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye mwili wa mota inayozunguka, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Akasema "beringi ya nyuma, ya mbele nzima." Akanipa nisikilize. Mbele ilikuwa inavuma sawa sawa kama mtu anaguna wimbo, nyuma kulikuwa na mchanga. Kabisa mchanga, krr krr, hata usiye fundi ungesikia. Tukafungua, beringi ya nyuma imekwisha.

Wiki nane nilisuka mota kumi na moja chini yake, unahesabu mizunguko kwa sauti, ukikosea hesabu unafumua, kila sloti na idadi yake, mwisho unapima na mega, kipimo cha insulesheni, kabla ya vanishi. Kila jioni najaza logibuku na mchoro, kila Ijumaa mwenye karakana anasaini na kugonga muhuri. Supavaiza kutoka chuoni alikuja mara moja, akakaa dakika kumi na tano, nyingi akiwa anatafuta pa kupaki. Lakini muhula uliofuata lekchara wa Mashine za Umeme alipochora usukaji ubaoni darasa zima linakuna kichwa, mimi nilikuwa naiona mikono ya Babu. Nikapata A, na hilo lilikuwa la krediti nyingi.

Sasa usifanye kosa langu la mwaka wa tatu, nilienda PT sehemu nzuri tu, nikamaliza, supavaiza wa pale kazini akahamishwa mkoa kabla hajajaza fomu ya tathmini, mimi nikarudi chuo na logibuku limejaa mihuri bila ile karatasi moja. Matokeo yakatoka yameandikwa hayajakamilika. Nilipanda basi mpaka Dodoma kumfuata mtu asaini karatasi moja. Alinisainia kwenye boneti ya gari, akanipa na nauli ya kurudi, Mungu ambariki.

Kuna swali uliniuliza mwishoni kabisa wa voisi noti kwa sauti ya chini, kwamba si bora uanze kazi na stashahada yako. Hilo nalo sio swali la kijinga. Baba yangu mdogo alimaliza FTC, cheti cha fundi sanifu cha zamani, chuo cha Dar Tech miaka ya themanini, enzi hizo FTC alikuwa mtu mkubwa, kalea familia nzima kwa kile cheti na wahandisi wenye digrii walikuwa wanamuuliza yeye. Mpaka leo kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira utaona stashahada inakuingiza kama fundi sanifu, digrii na usajili wa bodi kama mhandisi, ni ngazi mbili tofauti za mshahara, na fundi sanifu anapanda madaraja ya kwao, ila kuwa mhandisi mpaka akaongeze elimu. Enzi yetu stashahada ulijilipia mwenyewe, hawa wadogo zenu bodi ya mikopo imeanza kuwakopesha 2023/24 kwa fani za kipaumbele. Ukisema ufanye kazi miaka miwili ukusanye ada na ujifunze halafu uende, sitakupinga, na mama yako nitaongea naye. Ila AVN chukua hata kama huombi mwaka huu.

Jana saa tano usiku kanitumia picha ya cheti cha form four, imepigwa chini ya taa ya jikoni na kidole gumba kinaonekana pembeni. Chini kaandika: "Anko nimehesabu, sita bila dini."

Nimemwambia alale, kesho aende chuoni kwao akaulizie AVN, na abebe chakula.